Wasomaji Wasiohesabiwa

Jumatatu, 10 Julai 2023. Ipinda

Fomu ya kupandishwa cheo ina kurasa nyingi, lakini kwa ninavyoijua kamati, itaanzia kwenye mbili tu: orodha ya machapisho, na jedwali la mara ambazo kila chapisho limerejelewa na watafiti wengine. Chini ya jedwali kuna kisanduku cha fahirisi ya h. Kurasa zilizobaki, za ufundishaji, usimamizi wa wanafunzi na huduma kwa jamii, hufunguliwa iwapo mjumbe mmoja amebaki na shaka.

Fahirisi hiyo aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Hesabu yake ni nyepesi. Ukiwa na makala 9 ambazo kila moja imerejelewa mara 9 au zaidi, fahirisi yako ni 9. Makala moja iliyovuma dunia nzima haikuongezei zaidi ya makala nyingine yoyote inayohesabiwa, wala lundo la makala ambazo hazikusomwa na mtu halikusaidii. Naelewa kwa nini wajumbe wanaipenda. Ni namba moja, haina kabila wala urafiki, na hata asiyejua biolojia anaweza kuilinganisha na nyingine.

Kazi yangu ni virusi vya kimyanga kwenye mpunga. Jenomu yake ni uzi mfupi wa RNA wenye herufi takribani 4,450, na uzi huo ndio unaogeuza majani manjano na kuacha suke likiwa pepe. Viligunduliwa Kenya, upande wa Kisumu, mwaka 1966. Uchambuzi wa vinasaba uliofanywa baadaye na kundi la Denis Fargette la Ufaransa ulionyesha kwamba asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, na kwamba Tanzania ndiko aina zake zilikotofautiana zaidi. Kwa mtu aliyezaliwa Kyela, kwenye mpunga unaonukia hadi sokoni Dar es Salaam, hakuna somo lililo karibu zaidi. Lakini wanaoandika kuhusu kimyanga duniani ni wachache, na walio wachache hurejeleana mara chache. Jedwali langu limekaa hivyo.

Mama kaanika kokoa uani. Amesema niache karatasi nikale.

Jumatano, 12 Julai

Nimeirudia makala ya Ziwa Masoko kutoka mwanzo. Kama kuna kipande cha nchi hii ya Wanyakyusa kilichoingia kwenye mijadala ya wanabiolojia wa kila bara, ni ziwa lile dogo lililoko juu yetu, njia ya Tukuyu. Kipenyo chake ni mita 700 tu, na lilizaliwa na volkano. Ndani yake kuna samaki mdogo, Astatotilapia calliptera, ambaye ndugu zake wapo katika mito na mabwawa ya Kyela yote. Mtoto yeyote wa hapa aliyewahi kutega ndoano mtoni Mbaka kamshika.

Makala ilitoka katika jarida la Science tarehe 18 Desemba 2015. Watafiti walikuta kwamba ndani ya shimo hilo moja samaki hao wamegawanyika. Wale wa kandokando madume yao ni ya manjano. Wale wa kina kirefu, ambako mwanga umefifia, madume ni ya buluu. Wanatofautiana pia umbo, chakula na taya. Walisoma jenomu nzima za samaki 146, wakaona kwamba sehemu kubwa ya vinasaba inafanana, isipokuwa vipande 98 vilivyotengana waziwazi. Baadhi ya vipande hivyo vina jeni za macho, ikiwemo ya rodopsini, protini inayoliwezesha jicho kuona kwenye mwanga hafifu. Yaani samaki wa buluu anajengewa jicho la gizani, na tunamkuta kazi hiyo ikiendelea, spishi moja ikiwa katika hatua za mwanzo za kuwa mbili.

Kila ninapoisoma nasisimka. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za jamii hii ya samaki, na utafiti wa mwaka 2018 wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba spishi moja na nyingine hutofautiana kwa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu ya vinasaba vyao. Mtu akitaka kujua mamia hayo yalipatikanaje, Masoko ni mahali pa kuanzia. Makala imerejelewa mamia ya mara, na imestahili.

Waandishi ni kumi. Wa kwanza ni Milan Malinsky. Wa mwisho ni George Turner wa Bangor. Kabla yake kuna Eric Miska na Richard Durbin wa Cambridge na Martin Genner wa Bristol. Wa sita ni Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, aliyepata kuwa mkurugenzi mkuu wake. Huyuhuyu alikuwemo mwaka 2011 kwenye makala iliyoonyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini ya Tanzania ni kundi lenye vinasaba vyake lenyewe.

Jambo moja limenishangaza. Katika hifadhidata za kimataifa, wote kumi hupata hesabu ileile: makala ikirejelewa mara moja, Ngatunga naye kaongezewa moja kamili. Ni majedwali yetu ya hapa nyumbani ndiyo yanayomkata mwandishi wa katikati. Fomu iliyo mbele yangu inagawa alama kwa nafasi ya jina, na wa sita hubaki na makombo. Ugenini wanampa zaidi kuliko nyumbani.

Jumamosi, 15 Julai. Matema

Giza la mwezi, na usipa wamepatikana kwelikweli. Mitumbwi ilikuwa inarudi tulipofika, taa bado zimefungwa kwenye mbao. Soko la Lyulilo limejaa vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vimepangwa mchangani toka vidogo vya mboga hadi mitungi. Nimemnunulia mama kimoja.

Kwenye chanja za usipa nimekaa na mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa hapa. Nilimwamkia, akaniuliza mimi mtoto wa nani, nikamwambia, akasema, "Basi kaa, mwanangu, unisaidie kuchambua." Anawatenga usipa wenye matumbo yaliyovimba. Nikamwomba mmoja, nikampasua kwa kucha. Ndani hamkuwa na mayai wala mbegu. Kulikuwa na mnyoo mweupe, bapa, kama utepe uliokunjwa mara kadhaa, umejaa tumbo lote hadi utumbo umesukumwa pembeni. Nilipoukunjua ulikuwa mrefu karibu sawa na samaki mwenyewe, na ulikuwa bado unajongea.

"Huyo," akasema, "wengine wananikatalia sado nzima kwa ajili yake."

Huyo ni Ligula intestinalis. Mayai yake hudondoka majini na kinyesi cha ndege walao samaki, mnandi na wenziwe. Yakianguliwa, mabuu humezwa na vidudu vidogo vya majini, vidudu huliwa na usipa, na mnyoo hukulia ndani ya tumbo la usipa akimnyima uwezo wa kuzaa. Hafikii ukubwani mpaka ndege amle huyo samaki. Nilimweleza mama yule kwamba makazi yake ya ukubwani ni ndege, si binadamu, na kwamba usipa aliyekauka vizuri na kupikwa hana neno. Akaniangalia. "Nani kasema?"

Nikamjibu: mnyoo huyu amechunguzwa na mtafiti wa TAFIRI wa hapahapa Kyela. Nestory Gabagambi, ambaye masomo yake yalimfikisha Bergen, Norway, ameandika na Arne Skorping makala ya mwaka 2018 katika Journal of Helminthology, wakifuatilia mnyoo huyu kwenye usipa wa Ziwa Nyasa kwa maeneo na kwa majira. Mwaka 2019 wakatoa nyingine na wenzao kwenye Behavioural Processes: mnyoo hubadilisha tabia ya usipa, lakini pale tu anapokuwa amekomaa kiasi cha kuweza kuingia kwa ndege. Akiwa mchanga humwacha samaki aende zake. Akiwa tayari, humweka mahali ambapo mdomo wa mnandi utamfikia. Hii ni biolojia ya hali ya juu, imefanywa juu ya samaki anayeliwa kila siku katika wilaya hii.

Mama yule hakuwahi kuisikia. Mwenye mtumbwi aliyekuwa akikunja nyavu kando yetu naye hakuwahi.

Jumapili, 16 Julai

Baada ya ibada nimeangalia kwenye simu. Makala za Ligula zimerejelewa sehemu ndogo sana ya zile za Masoko. Ndivyo inavyokuwa. Chimbuko la spishi ni swali la kila idara ya biolojia duniani. Usipa mgumba wa Nyasa ni swali la nchi tatu zinazozunguka ziwa hili. Hesabu haikudanganya. Imehesabu watu wanaoandika, na kwenye swali la pili wanaoandika ni wachache.

Wanaolihitaji jibu ni wengi mno, ila hawaandiki makala. Akirejelea mtu, ni kwa kuacha kutupa sado moja, na tendo hilo halina hifadhidata.

Jumatano, 19 Julai. Masoko

Nilipanda na gari la mizigo kutoka Ipinda, barabara ya Masoko, mgomba na kokoa pande zote, kisha baridi ikaanza. Ziwa limezungukwa na miti, maji kijani kibichi. Jengo la mawe la enzi za Mjerumani bado limesimama. Mzee mmoja alinisimulia habari za fedha ambazo Wajerumani wanasemekana kuzitupa majini wakati wa Vita vya Kwanza, kama kila mgeni anavyosimuliwa.

Nilimuuliza juu ya samaki. Akasema, bila kusita, kwamba wa pembeni ni wa njano na wa ndani ni weusi-buluu, na kwamba wa ndani humpati kwa ndoano ya mtoto. Alijua hivyo tangu utoto. Hakujua kwamba kuna watu Japani waliopima protini ya jicho la hao samaki, wala kwamba jenomu zao zilisomwa Hinxton, karibu na Cambridge, na kuwekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti na kompyuta ya kutosha. Nilimchorea kwenye daftari hili: jicho, kina cha maji, rangi ya mwanga unaofika chini. Alilichukua akalitazama muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo ningefurahi kulisikia kwa mwanafunzi wa shahada ya pili: wa njano akitupwa kule chini, watoto wake watakuwa na macho ya nani?

Swali hilo limeanza kujibiwa. Mwaka 2022 Grégoire Vernaz, akiwa na kundi la Miska, alitoa makala juu ya samaki haohao wa Masoko na alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA bila kubadilisha herufi zake. Walifuga samaki wa kandokando na wa kina kirefu katika mazingira yaleyale na kuangalia zipi zinabaki na zipi zinafutika. Na katika orodha ya waandishi safari hii Watanzania ni watatu: Asilatu Shechonge, Gabagambi na Ngatunga. Kutoka mmoja hadi watatu ndani ya miaka saba. Hili naliona kubwa kuliko fahirisi ya mtu yeyote, kwa sababu hao ndio watakaouliza maswali yanayofuata bila kusubiri mgeni ashuke na vifaa.

Jumamosi, 22 Julai. Ipinda

Kaka amenipeleka kuona bwawa lake la samaki. Sato, wanene, wanakua haraka. Mvua za Aprili bwawa lilifurika na wengine wakatoka na mfereji. Ulikoelekea mfereji ni Mbaka, na Mbaka inaishia ziwani.

Nilimwambia kuhusu makala ya mwaka 2013 iliyotoka katika jarida la Kiafrika la sayansi ya maji, Genner akiwa wa kwanza, Shechonge na Ngatunga wakiwemo: sato ameingia katika bonde la Ziwa Nyasa. Na ile ya 2019, Shechonge mwenyewe akiwa mwandishi wa kwanza, inayoonyesha jinsi perege wa kigeni walivyoenea katika mabonde ya mito ya Tanzania baada ya miongo ya watu kuwapandikiza kwa makusudi. Kabla yake, 2018, alikuwa ameonyesha kwa vinasaba na kwa maumbo kwamba wageni wakiingia, perege wa asili huanza kupoteza upekee wao. Hapa juu, katika ziwa la kreta la Kyungululu, kuna perege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani.

"Sasa dada, nifanye nini? Nilifukie?"

Sikumwambia alifukie. Watoto wake wanasoma kwa bwawa hilo. Tumezungumzia tuta la juu zaidi, wavu kwenye mdomo wa mfereji, na kumuuliza bwana samaki wa wilaya kama vifaranga wa perege wa hapahapa wanapatikana. Ameanza kupima tuta kwa hatua kabla sijamaliza kunywa chai.

Jumanne, 25 Julai

Leo nimesoma tu. Eugene Garfield alipopendekeza faharasa ya marejeo mwaka 1955, na alipoitoa rasmi mwaka 1964, ilikuwa kwanza chombo cha kufuatia mawazo: makala hii imezaa ipi, nani amesahihisha kosa la nani. Wakutubi nao wakaitumia kuchagua majarida ya kununua. Nakiona kuwa chombo kizuri sana, nami nakitumia kila wiki. Kupima thamani ya mtu kulikuja pole pole, na kukakaa.

Desemba 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco walianzisha azimio la kupinga mtafiti kupimwa kwa hadhi ya jarida alikochapisha. Mwaka 2015, mwaka uleule wa Masoko, ilani iliyopewa jina la mji wa Leiden ilichapishwa katika Nature, na miongoni mwa kanuni zake kumi kuna ya kulinda utafiti bora wenye umuhimu wa mahali. Naipenda kanuni hiyo, maana haiombi huruma. Haisemi utafiti wa mahali upimwe kwa mizani legevu. Inasema ubora wake uangaliwe ulipo.

Kwetu, mwaka 2022 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza shilingi bilioni 1 za kuwatuza wahadhiri watakaochapisha katika majarida makubwa duniani, milioni 50 kwa makala. Naunga mkono. Mtafiti wa Kitanzania kulipwa heshima ni jambo lililochelewa. Lakini ningetaka karibu na tuzo hiyo iwepo nyingine, hata ya milioni 5, kwa makala ambayo matokeo yake yamewafikia waliotajwa ndani yake kwa lugha wanayoisema. Ushahidi unapatikana: muhtasari wa kikao, sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, maswali yaliyoulizwa. Kamati inayoweza kusoma fahirisi ya h inaweza kusoma muhtasari wa kikao.

Ijumaa, 28 Julai

Ninaandika kurasa mbili juu ya mnyoo wa usipa, kwa ajili ya kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha Matema. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani kazi ya kurasa mbili inaweza kuwa. Kwenye jarida ningesema samaki ni "mwenyeji wa kati" na msomaji angejua. Hapa lazima nifuate mnyoo mwenyewe, yai hadi ndege, na kila hatua iwe kitu ambacho mvuvi amekiona kwa macho yake au anaweza kukiona kesho. Vile vidudu vya majini vimenisumbua zaidi. Hatimaye nimeandika: chota maji ya ziwa kwenye glasi, yainue juani, utaona vitu vidogo vinarukaruka, hao ndio wanaommeza kwanza.

Mama kasikiliza ukurasa wa kwanza akichambua mchele. Alinikatiza mahali pamoja tu, pa kusema samaki "huathirika". Sema hazai, akasema. Nimesahihisha.

Nimeamua pia kwamba kimyanga kifuate. Virusi vile haviambukizwi kwa mbegu. Hubebwa na wadudu, na mikono, na majembe, na ng'ombe wanaopita shambani. Hili tumeliandika kwenye majarida tangu zamani. Sina hakika kama majirani walio mita mia kutoka mlango huu wamewahi kuambiwa.

Jumatano, 2 Agosti. Matema

Kikao kilifanyika chini ya mwembe, asubuhi, kwa kuwa mwezi mpevu umewalaza wavuvi wa usipa nyumbani. Katibu ndiye aliyesoma. Nilitaka sauti iwe ya mtu wao. Yule mama wa chanja alikaa mbele, na sehemu ya kupika na kula ilipofika aliwageukia wenzake akatikisa kichwa kama aliyeshinda kesi.

Maswali yakawa mengi. Kijana mmoja aliuliza kama wakiwaua mnandi mnyoo utaisha. Nilieleza kwa nini hapana: ndege huruka kutoka Malawi na Msumbiji, hawafuati mpaka, na mnandi si mharibifu pekee wala mkuu wa usipa. Mwingine akauliza kama usipa wenye mnyoo wakiuzwa kwa chakula cha kuku kuna hatari. Hilo nimeahidi kulipeleka kwa wanaojua.

Mzee aliyekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa ndiye aliyenipa usingizi wa taabu. Alisema wale wenye matumbo hupatikana kwa wingi karibu na midomo ya mito kuliko upande wa milimani, chini ya Livingstone, ambako maji huzama ghafla. Je, ni kwa sababu ndege hulala kwenye matete ya midomo ya mito, au vile vidudu vya kwenye glasi ndiko walikojaa? Watu wawili wakamuunga mkono, mmoja akapinga kabisa, akasema Ikombe kapata wa hivyo mwaka jana debe zima. Wakabishana kwa majira, kwa upepo, kwa nyavu.

Niliandika yote, jina la kila mahali walipotaja, na nani alisema nini. Katibu amekubali kwamba kuanzia giza la mwezi lijalo chanja tano zitatenga wenye mnyoo kwenye ndoo na kuandika idadi, mahali na tarehe. Kesho asubuhi napitia TAFIRI Kyela kuacha nakala ya maswali pamoja na mpango wa ndoo, waseme kama wanaupenda na waurekebishe. Fomu ya cheo inatakiwa ifike Ijumaa. Kurasa mbili za Matema nimeziingiza kwenye orodha ya machapisho, namba 14, siyo chini ya huduma kwa jamii.